Tofali na Mfyatuaji: Historia ya Swali Moja la Mtihani wa Kiingereza

Katika maswali ambayo mtahiniwa wa Kiingereza huwekewa mbele yake, liko moja ambalo kwa kulitazama tu huonekana jepesi kuliko yote. Haliulizi rai, wala halitaki hadithi, wala halimpi mtu methali aifafanue. Ni picha chache zilizounganishwa kwa mishale. Picha ya kwanza, mathalani, ni ya mashine inayochimba udongo. Ya pili ni ya udongo unaosagwa. Ya tatu ni ya kalibu. Ya nne ni ya chumba cha kukaushia. Ya tano ni ya tanuri. Na ya mwisho ni ya gari lililopakia matofali. Mtahiniwa huambiwa aeleze, kwa maneno yasiyopungua 150, yale yanayoonyeshwa na mchoro huo, na hushauriwa asitumie zaidi ya dakika 20. Hili ndilo swali la kwanza la karatasi ya kuandika katika mtihani wa IELTS kwa wale wanaokusudia masomo ya chuo kikuu. Mara nyingi swali hilo huleta grafu au jedwali. Lakini mara nyingine huleta mchoro wa hatua za kazi, na mchoro huo ndio unaowafadhaisha wengi.

Miaka kadha iliyopita kijana mmoja aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani huo aliniletea zoezi lake lililosahihishwa mahali pengine. Mchoro ulikuwa wa matofali. Kijana huyu alikuwa amepata karo yake ya shule kwa kufyatua matofali kijijini kwao, basi aliandika kama mtu ajuaye. Alisema kwamba watu huchimba udongo, huumwagia maji, huukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, huujaza katika kalibu, huyafunika matofali mabichi kwa majani yasipasuke juani, kisha huyapanga yakawa tanuri yenyewe, na kuyachoma kwa kuni usiku kucha. Kiingereza chake hakikuwa kibaya. Lakini msahihishaji alipiga mstari mwekundu kila mahali palipotajwa watu, akaandika pembeni kwamba mchoroni hamna watu, na kwamba vitenzi viwe katika kauli ya kutendwa. Kijana akaniuliza: "Mwalimu, kama hamna watu, tofali limefanyizwa na nani?"

Siku ile nilimjibu kwa sheria za mtihani, naye akaridhika, au alionyesha kuridhika kwa adabu. Mimi mwenyewe sikuridhika. Swali lake halikuwa la sarufi peke yake. Lilikuwa swali la historia. Jibu lake limo katika historia mbili zilizoanza mbali mbali na kukutana katika chumba cha mtihani: historia ya mchoro wa kazi, na historia ya mtihani wenyewe. Tukizifuata zote mbili tutaona kwamba msahihishaji alikuwa na haki, na kijana naye alikuwa na haki. Na kwamba mwanafunzi asiyejua sababu ya jambo hili huandika kwa kukariri, hali anayeijua huandika kwa hiari.

Mchoro ulipokuwa na watu

Mwaka wa 1556 kilipigwa chapa mjini Basel kitabu cha Kilatini juu ya uchimbaji na uyeyushaji wa madini, De re metallica. Mtungaji wake, Georgius Agricola, alikuwa tabibu wa Kijerumani aliyeishi karibu na wachimba madini, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1912 na Herbert Hoover, mhandisi wa migodi aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, pamoja na mkewe Lou Henry Hoover. Kimejaa picha zilizochongwa katika mbao, zinazoonyesha jinsi mwamba unavyovunjwa, maji yanavyovutwa kutoka mashimoni, na mawe yanavyoyeyushwa. Kila chombo kimetiwa herufi, na chini ya picha herufi zimefafanuliwa. Lakini tazama jambo hili: watu wamo. Wanainama, wanasukuma, wanapuliza moto, na mara nyingine mtenda kazi naye hupewa herufi yake kama vile kinu kilivyopewa yake. Kwa Agricola haikuwezekana kuonyesha kazi bila ya kumwonyesha mwenye kuifanya.

Miaka mia mbili baadaye, huko Ufaransa, Denis Diderot na Jean d'Alembert walianza kutoa ensaiklopedia yao mashuhuri. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1751, na juzuu za picha, jumla yake 11, zilitoka kati ya mwaka wa 1762 na 1772. Diderot alikuwa mwana wa mfua visu, na hakuona aibu kuuleta ujuzi wa mafundi mahali pale pale palipokuwa pa wanafalsafa na wanatheolojia. Aghalabu ukurasa wa picha katika kitabu hicho una sehemu mbili. Juu ni karakana, na watu wamo kazini. Chini ni vyombo peke yake, bila mikono ya kuvishika: koleo, nyundo, msumeno, kila kimoja kimelala katika weupe wa karatasi. Mstari unaozitenga sehemu hizo mbili ni mwembamba, lakini hapo ndipo habari yetu inapoanza. Kwa mara ya kwanza msomaji alifunzwa, ukurasa baada ya ukurasa, kuitazama kazi kwa njia mbili, moja yenye mtu na moja isiyo na mtu.

Katika ensaiklopedia hiyo mna makala juu ya pini, iliyotoka mwaka wa 1755, ambayo huigawa kazi ya kutengeneza pini katika hatua 18. Mwaka wa 1776 Adam Smith, mwanafalsafa wa Scotland, alitumia mfano huo huo wa pini kufungua kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa. Yeye naye alitaja hatua zipatazo 18, akasema kwamba aliona karakana ndogo yenye watu kumi ambao, kwa kugawana kazi, waliweza kutoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku moja. Maelezo yake ni maelezo ya hatua za kazi kwa kila hali, na mtahini wa leo angeyatambua mara moja. Lakini vitenzi vyake vina wenyewe. Smith hupanga watu kwanza, kisha kazi: yupo wa kuvuta waya, yupo wa kuunyosha, yupo wa kuukata, yupo wa kuuchonga ncha. Msomaji hawezi kumaliza sentensi zile bila ya kuwaona watu wamejipanga mezani.

Mwashi aliyechora

Aliyemwondoa mtu katika mchoro hakuwa mtu wa kudharau kazi ya mikono. Frank Gilbreth wa Marekani alianza kazi mwaka wa 1885, akiwa na miaka 17, kama mwanagenzi wa uashi. Aliona kwamba waashi waliomfunza hawakuliweka tofali kwa namna moja. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake, na mwashi yule yule alikuwa na mwendo mmoja alipokuwa na haraka na mwingine alipokuwa na nafasi. Akaanza kuhesabu miendo. Akabuni jukwaa la kupandishwa kadiri ukuta unavyopanda, ili mwashi asiiname kuokota kila tofali. Na miendo 18 ya kuweka tofali moja ikapungua ikawa kama mitano. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu juu ya uashi, na mwaka wa 1911 kingine juu ya uchunguzi wa miendo. Mkewe, Lillian Gilbreth, mwenye shahada ya udaktari, alikuwa mshirika wake katika yote, na mwaka wa 1916 walitoa pamoja kitabu juu ya uchovu wa wafanya kazi.

Mwaka wa 1921 wawili hao waliwaeleza wanachama wa Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Marekani njia yao ya kuichora kazi nzima katika karatasi moja. Kila tendo lilipewa alama, na alama zikafuatana kwa mistari toka mwanzo wa kazi hata mwisho wake. Mwaka wa 1947 chama hicho kilikubali alama tano ziwe kanuni: duara kwa tendo, mshale kwa uchukuzi, mraba kwa ukaguzi, alama mfano wa herufi D kwa kungoja, na pembetatu kwa kuweka ghalani. Hapo mtu aliyekuwa na uso katika kitabu cha Agricola, na mkono katika kurasa za Diderot, amekuwa duara.

Tusifanye haraka kulaumu. Duara lile lilikuwa na faida kubwa. Liliwawezesha watu waliokuwa mbali na karakana kuiona kazi nzima kwa jicho moja, na kuuliza kwa nini mzigo ubebwe mara tatu hali ungeweza kubebwa mara moja. Tena, wenye elimu hiyo hawakusahau kwamba kazi ina mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka wa 1957 kitabu cha kufundishia uchunguzi wa kazi, ambacho kimepigwa chapa mara kadha wa kadha. Michoro ya hatua imegawanywa humo kwa aina: iko inayomfuata mtu, na iko inayokifuata kitu. Nayo desturi ifundishwayo ni kwamba mchoro unaomfuata mtu uandikwe kwa kauli ya kutenda, na ule unaokifuata kitu uandikwe kwa kauli ya kutendwa. Katika mchoro wa mtu utaandika "hutoboa chuma". Katika mchoro wa kitu utaandika "chuma hutobolewa".

Desturi hii ndogo yafaa kuandikwa katika daftari la kila mwanafunzi. Yatufundisha kwamba kauli ya kutendwa haikuja kwa sababu ni lugha ya heshima, wala kwa sababu ni lugha ya sayansi, wala kwa sababu Kiingereza chaipenda. Ilikuja kwa sababu macho yamechagua kufuata tofali badala ya kumfuata mfyatuaji. Sarufi imekwenda nyuma ya macho.

Mtihani ulipotafuta uadilifu

Sasa tuigeukie historia ya pili. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka wa 1913 kutoa mtihani wa ujuzi wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Watahiniwa walikuwa watatu, na mtihani ulidumu saa zipatazo 12: kufasiri toka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani na kurudi, sarufi, fonetiki, fasihi ya Kiingereza, insha, imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Wote watatu walishindwa. Mtu aweza kucheka, lakini ndani ya kicheko mna funzo. Mtihani wa namna ile haukupima lugha peke yake. Ulipima kama mtu amelelewa katika vitabu fulani na katika mazungumzo ya nyumba fulani. Mwenye kuandika insha njema juu ya fasihi ya Kiingereza alihitaji kwanza kuijua fasihi hiyo. Na asiyeijua, hata kama Kiingereza chake ni safi kama maji ya chemchemi, hakuwa na la kusema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika. Wanafunzi wengi wa Asia, Afrika na nchi za Kiarabu walikwenda Uingereza kusoma uhandisi, utabibu na ukulima. Hawa hawakuhitaji kujadili tamthilia; walihitaji kufahamu mhadhara na kuandika ripoti. Toka mwaka wa 1965 British Council ilitumia mtihani uliotungwa na Alan Davies, ambao ulipima kusikia na kusoma. Kuandika na kusema havikuwamo. Mwaka wa 1980 mtihani huo ulifuatwa na mwingine, ELTS, ambao British Council iliuanzisha pamoja na bodi ya mitihani ya Cambridge. Mtihani huu mpya uliwagawa watahiniwa kwa masomo yao: wa utabibu walipewa karatasi ya utabibu, wa tekinolojia karatasi ya tekinolojia, na kadhalika. Mwaka wa 1989 Waaustralia waliingia katika ushirika, mtihani ukaitwa IELTS, na mafungu ya masomo yakapunguzwa yakawa matatu. Mwaka wa 1995 mafungu hayo yakaondolewa kabisa; watahiniwa wote wa chuo kikuu wakapewa karatasi moja ya kusoma na moja ya kuandika.

Fikiri ugumu uliowakabili watunga mtihani. Mtabibu, mwanasheria, mhandisi na mwanamuziki wanaketi chumba kimoja. Watapewa jambo gani la kuandika ambalo halitampendelea mmoja wao? Ukiuliza juu ya damu, mtabibu ameshinda. Ukiuliza juu ya mkataba, mwanasheria ameshinda. Njia moja ni kuwapa wote habari ile ile, tena kuwapa kwa picha na tarakimu kuliko kwa sentensi, ili pasiwe na maneno mengi ya kunakili. Walimu wa Kiingereza cha sayansi walikuwa wamekwisha kuitayarisha njia hiyo. Katika miaka ya 1970 Henry Widdowson alifundisha kwamba ni zoezi lenye manufaa kuihamisha habari toka katika maneno kwenda katika mchoro, na toka katika mchoro kurudi katika maneno. Kwa maana mwanafunzi wa sayansi, po pote atokapo, ameizoea michoro ya somo lake kabla hajakizoea Kiingereza chake.

Basi mchoro uliingia katika mtihani kwa ajili ya uadilifu. Yule kijana wangu wa matofali na binti wa mjini ambaye hajapata kuliona tanuri maishani mwake waliwekewa picha zile zile, wakaambiwa: semeni yaliyomo humu tu. Ujuzi wa kijana haukuhesabiwa, ni kweli. Lakini na ujinga wa binti haukuhesabiwa. Hii ndiyo haki ya msahihishaji. Mtihani unaokubali kila mtu aongeze ajuayo ungerudi kuwa mtihani wa malezi, kama ule wa mwaka wa 1913, na walio wengi katika sisi tusingekuwa miongoni mwa waliolelewa kama ulivyotaka.

Walakini uadilifu huo haukuwa kamili, wala hauwezi kuwa kamili. Mchoro nao ni lugha. Mshale hauna maana kwa maumbile yake; mtu hufundishwa kwamba mshale huu ni wakati unaopita, na ule ni kitu kinachohama, na ule mwingine ni moto unaoingia. Aliyesoma katika shule yenye vitabu vya michoro huifahamu lugha hiyo bila ya kujua kwamba aliwahi kujifunza. Aliyesoma kwa ubao mmoja na chaki huwa na mitihani miwili kwa wakati mmoja, wa Kiingereza na wa mishale, na dakika ni zile zile 20. Nasi twajua kwamba si mchezo: kwa alama za mtihani huu mtu hupata au hukosa nafasi ya chuo kikuu, na muuguzi hupata au hukosa ruhusa ya kufanya kazi yake ng'ambo.

Historia mbili zilipokutana

Mtihani uliuchukua mchoro kwa sababu ya uadilifu, lakini uliuchukua kama ulivyoukuta. Na ulivyoukuta, mtu alikuwa ameshatoka. Picha zikawa za mashine na vitu. Na mwandishi, kwa kuwa hana budi kusema yaliyomo, akawa hana mtu wa kumtaja. Ndipo walimu wakaitafutia hali hiyo kanuni. Wataalamu walikuwa wameanza kuchungua maandishi ya sayansi. Mwaka wa 1962 C. L. Barber alitoa hesabu ya sarufi ya maandishi hayo, iliyoonyesha kwamba wakati uliopo sahili ndio unaotawala, na kwamba kauli ya kutendwa ni nyingi. A. J. Herbert alitoa mwaka wa 1965 kitabu juu ya muundo wa Kiingereza cha ufundi. Na mwaka wa 1971 John Swales, aliyekuwa amefundisha Libya, alitoa kitabu cha kufundishia uandishi wa kisayansi. Uchunguzi wao ulikuwa mwema. Lakini uchunguzi ukishuka ngazi, toka kwa mtaalamu kwenda kwa mwalimu, na toka kwa mwalimu kwenda kwa mfunzaji wa jioni mwenye wiki mbili tu, hupoteza masharti yake njiani. "Ni nyingi" hugeuka ikawa "ni lazima".

Wala si lazima. Mwaka wa 1981 Elaine Tarone na wenzake walichungua makala mawili ya elimu ya nyota, wakaona kwamba waandishi wake hawakutumia kauli ya kutendwa ovyo. Waliposimulia uamuzi waliouchagua wao wenyewe walisema "sisi". Walipofuata njia ya kawaida isiyohitaji kutetewa walitumia kauli ya kutendwa. Kwa hiyo hata wanasayansi humrudisha mtu katika sentensi pale mtu anapokuwa ndiye habari.

Tena iko michoro ambayo ukiiandikia kauli ya kutendwa umeiharibu. Mchoro wa mzunguko wa maji ni mmoja. Jua hupasha bahari joto, maji huwa mvuke, mvuke hupanda, hupoa, huwa mawingu, na mvua hunyesha. Hakuna aliyelipandisha wingu. Mtahiniwa aliyekariri kwamba kila kitenzi kitendwe huandika Kiingereza ambacho Mwingereza hawezi kukitambua, kisha hushangaa kwa nini alama zake ni chache.

Mizani ya Kiswahili

Hapa msemaji wa Kiswahili ana hazina ambayo aghalabu haambiwi kwamba anayo. Lugha yetu ina kiambishi kimoja kinachofaa kazi hii kuliko vyote, nacho ni hu-. Twasema: udongo huchimbwa, husagwa, huchanganywa na maji. Kiambishi hiki ni cha mambo ya desturi, yaliyo kweli jana na leo na kesho, sawa na wakati uliopo sahili wa Kiingereza katika maelezo ya namna hii. Mwanafunzi anayesitasita kati ya nyakati za Kiingereza na ajiulize kwanza: kwa Kiswahili ningesema "huchimbwa" au "inachimbwa"? Akijibu "huchimbwa", amekwisha kupata wakati wake. Nalo ni jambo la kufikiriwa kwamba hu- ndicho kiambishi kisichokubali kiambishi cha nafsi mbele yake. Mimi huchimba, wewe huchimba, wao huchimba, kitenzi hakibadiliki. Lugha yetu nayo, inapoeleza desturi, huanza kumsahau mtu.

Lakini Kiswahili hupambanua mambo ambayo Kiingereza huyachanganya. Tofali mbichi likiachwa kivulini hukauka; likitiwa katika chumba cha moto hukaushwa. Katika neno la kwanza hewa imefanya kazi yake bila ya kuagizwa; katika la pili kuna mkono nyuma ya pazia, hata kama hautajwi. Vivyo hivyo udongo hulainika na hulainishwa, chuma huyeyuka na huyeyushwa, bomba huvunjika na huvunjwa. Mtahiniwa mwenye lugha hii akilini mwake ana mizani tayari. Kwa kila picha na aulize: je, kitu hiki hukauka au hukaushwa? Ikiwa ni hukauka, Kiingereza chake kiwe cha kutenda. Ikiwa ni hukaushwa, kiwe cha kutendwa. Kanuni hiyo yashinda kurasa nyingi za mifano ya kukariri, nayo ilikuwa nyumbani kwake tangu utotoni.

Itazame kazi ya kuchoma chokaa katika pwani yetu. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe huwekwa juu yake, moto hutiwa, na mawe huungua mpaka yakawa meupe; kisha humwagiwa maji yakafumuka, yakawa unga. Katika sentensi hiyo moja mna vitenzi vya kutendwa na vya kutenda, wala hapana fundi wa pwani angevitumia kinyume. Magogo hayajipangi, kwa hiyo hupangwa. Mawe huungua yenyewe mara moto ukiisha kutiwa. Ukimwuliza fundi huyo nani hupanga magogo, hatakosa jibu. Kauli ya kutendwa haikumfanya asahau. Ilimpumzisha tu kutaja.

Jibu lililochelewa

Narudi sasa kwa kijana wangu. Lau angelinijia leo na daftari lake, ningemwambia hivi.

Ndani ya chumba cha mtihani fuata tofali, usimfuate mfyatuaji, maana ndivyo ulivyoombwa. Anza kwa sentensi moja ya kusema mchoro ni wa nini, kwa maneno yako, si kwa maneno ya swali. Fuatisha muhtasari wa kazi nzima: imeanza wapi, imeishia wapi, ina hatua ngapi kubwa. Wengi hukosa alama kwa sababu huzihesabu hatua kama mtu ahesabuye shanga, wasiseme mkufu ni wa namna gani. Kisha zipange hatua kwa taratibu yake, na kila moja iwe na kiungo kinachoishika iliyotangulia. Mahali njia inapogawanyika mara mbili, sema kwamba imegawanyika. Mahali kitu kinapotenda chenyewe, kiache kitende. Mahali kinapotendwa, kitendwe. Usiongeze moshi wa kwenu katika tanuri la mtahini. Si kwa kuwa moshi wa kwenu ni wa uongo, ila kwa kuwa aliyeketi karibu nawe hakupata kuuona, nanyi mmeahidiwa mizani moja.

Lakini nje ya chumba hicho usidhani kwamba uliyoyaandika ndiyo habari yote ya tofali. Umeandika mchoro wa kitu. Uko pia mchoro wa mtu, na hata wahandisi walioanzisha michoro hii waliijua tofauti. Ukisoma ripoti isemayo kwamba wafanya kazi 200 walipunguzwa, uliza walipunguzwa na nani. Ukisoma kwamba msitu ulikatwa, uliza ulikatwa na nani na kwa faida ya nani. Kauli ya kutendwa ni mlango. Mtu aweza kuufunga kwa sababu njema, ya kupumzika au ya kufanya haki, na aweza kuufunga kwa sababu ya kuficha. Aliyejifunza kuufunga katika mtihani anapaswa kujua jinsi ya kuufungua atokapo.

Na kwa swali lako, nani amelifanyiza tofali, jibu ni kwamba umelifanyiza wewe, pamoja na wengi ambao Agricola angewachonga katika ubao na kuwapa herufi. Mtihani haukukukana. Haukuuliza tu. Swali lisiloulizwa katika dakika 20 haliwi swali lisilofaa kuulizwa maishani; na nadhani mtu aliyefyatua matofali kwa mikono yake, kisha akajifunza kuyaeleza bila ya mikono, ana ujuzi wa pande zote mbili, ambao wengi wetu tuna upande mmoja tu.